Redio za kuunganisha intaneti kati ya majengo mawili: ipi ununue Nyanda za Juu Kusini

Kabla hujatoa hela, panda juu ya paa la jengo la kwanza ulitafute la pili kwa macho. Kama hulioni, usinunue kwa kuamini kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Iringa una nafuu: ukiwa mjini juu, Ipogolo iko bondeni mbele yako. Mafinga na Njombe adui ni miti ya milingoti na mipaina, hasa majani yakilowa mvua. Halafu mawimbi hutanuka katikati ya safari. Kwa kilomita 2, pale katikati acha mita 3 hivi zisizo na kitu pande zote za mstari. Kwa kilomita 5, karibu mita 5. Mlingoti nao hukua haraka, basi hesabu na urefu wake wa miaka ijayo.

Ninayoiweka juu ya zote ni jozi ya madishi ya gigahezi 5: Ubiquiti LiteBeam 5AC Gen2 au TP-Link CPE710. Yote yana nguvu ya kukusanya mawimbi ya desibeli 23 na mlango wa waya wa mtandao wa gigabiti. Mwale wake ni mwembamba, kwa hiyo hata Mwanjelwa, Mbeya, penye WiFi kila duka hayasumbuliwi sana. MikroTik LHG 5 inafika desibeli 24.5, ila mlango wake unaishia megabiti 100. Kwa shule au zahanati, zinatosha kabisa.

Chini ya kilomita moja, tuseme duka na stoo yake, chukua paneli ndogo kama CPE510. Dishi hapo ni hela ya bure.

Gigahezi 60 naiweka ya tatu. Kasi yake ni kubwa mno, lakini mvua za Tukuyu zitaikata. Gigahezi 2.4 mjini achana nayo: chaneli zisizoingiliana ni 3 tu. Na majengo yakiwa jirani kabisa, vuta faiba. Waya wa shaba kati ya majengo hukaribisha radi.

Radi ya huku si ya kubahatisha. Weka kinga ya radi kila upande, iunganishwe kwenye ethi, na utumie waya wa nje wenye ganda la kinga.

Siku ya kufunga, mmoja alegeze nati na kusogeza dishi kidogo kidogo, mwenzake asome namba ya nguvu ya mawimbi kwenye simu. Usikaze nati namba inapopanda mara ya kwanza, kwa sababu dishi lina vilele vya uongo pembeni. Lipitishe kulia na kushoto, juu na chini, mpaka uone kilele kikubwa. Ukipata kati ya -50 na -65 dBm (ikikaribia sifuri ndiyo imepanda), kaza.