Seti ya pistoni za milimita 87 kwenye Beetle ya marehemu mzee, baada ya miezi saba ya gereji

Mi sio fundi, niseme mapema, mi ni mwenye gari tu anayependa kushika spana jumamosi. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini 1600, aliiacha marehemu mzee wangu, na ipo Tanga tangu sijazaliwa. Mzee alikua akianza kuisifia hanyamazi, atakwambia Safari Rally ya 1957 ilishinda Beetle, ya 1962 Beetle, injini yake inapozwa na upepo, wakati huo hao wenye magari ya kupozwa na maji wamesimama Segera wanatafuta ndoo.

Sasa mwaka juzi napandisha Mombo kwenda Lushoto, nina watu wanne na gunia la mchele, gia ya pili muda wote, hatujafika Soni nikasikia tak, afu kelele kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikazima palepale. Kufungua, valvu ya egzosti ya silinda namba tatu imekatika kichwa, imedondokea kwenye pistoni na kuitoboa. Wenye hizi gari najua mshacheka, maana siku zote ni namba tatu, na sababu yake nitaifikia.

Kwa kua injini inashuka chini hata hivyo, nikasema niipe nguvu kidogo. Sio mashindano, nataka tu mlima ule nipande na gia ya tatu. Original ni pistoni za milimita 85.5 na kranki ya stroki 69 (ndo urefu pistoni inaotembea), unapata cc 1584. Ukiweka 87 unapata 1641 na hauchongi kitu, silinda zinaingia kwenye matundu yaleyale ya bloku na hedi. Kuna na 88 za kuingiza hivohivo, hizo kimbia, ukuta wa silinda mwembamba mno, ikipata moto inapinda na unaanza kula oil. 90.5 ndo tamu, inakupa kama 1776, ila lazima bloku na hedi vichongwe, na mi kwa mambo ya kuchongesha nilikua naogopa na baadae utaona kwa nini nilikua na haki ya kuogopa.

Nikaagiza seti ya 87, pistoni nne na silinda zake, ringi, pini, klipu. Na ushuru na usafiri ikasogea milioni moja na laki mbili mpaka naishika mkononi. Ubora? Silinda nzuri, zimehoniwa vizuri, sina neno. Pistoni nikazipeleka kwa sonara nikamuomba mizani yake, jamaa akanishangaa lakini akanipimia, nzito na nyepesi zikapishana gramu tisa. Kwa kitu kipya hiyo ni nyingi, fundi akazikwangua chini upande wa ndani mpaka zikabaki kwenye gramu mbili. Ringi nazo, ukiziingiza kwenye silinda nafasi ya mwisho kwa mwisho ilikua imebana, mbili ikabidi zipigwe tupa. Kama ningefunga kama zilivyotoka boksini sidhani kama leo ningekua naandika kwa furaha hivi. Kwa hiyo seti naipa saba kwa kumi, ukiichukulia kama kitu cha kumalizia mwenyewe.

Kilichoniuma ni bloku. Hizi bloku ni magnesiamu, zikichemka miaka na miaka nyumba za beringi kubwa zinapanuka, unakuta kranki inacheza na presha ya oil ikipata moto inapotea. Yangu ilibidi ichongwe zote kwa mstari mmoja na kuwekewa beringi za nje kubwa kwa nusu milimita. Nikaipeleka kwenye karakana moja, jina naliacha, wakaniambia wiki moja, ikawa wiki tisa, na iliporudi inang'aa kweli, nikaona yameisha. Fundi wangu, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye Volkswagen anazifunga tangu kijana, akaiangalia tu akasema "mwanangu, hii usifunge, toa plagi za njia za oil kwanza." Mi nikaona anatafuta kazi. Tukatoa, tukapiga petroli na upepo wa kompresa, aisee, zikatoka chenga za chuma zinajaa kijiko. Hizo zote zingeenda kwenye beringi mpya dakika ya kwanza tu ya kuwasha. Kwenye plagi hizohizo tukapata na nafasi ya kutoboa njia ya filta, maana original haina filta ya oil kabisa, ina kichujio cha waya tu chini, na hilo la filta nashauri kila anayefungua afanye.

Kwenye kufunga mzee yule hana haraka. Kranki kucheza mbele na nyuma alitaka iwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, alibadilisha zile washa tatu nyembamba nyuma ya flaiwili mara tano, kila mara anafungua ile nati ya 36 ambayo inataka bomba refu na mtu mzito (mtu mzito ndo mi). Ukubwa wa chemba za hedi tulipima kwa bomba la sindano na oil ya gia, cc 50, pistoni inabaki chini ya mdomo wa silinda milimita moja na nusu, hesabu ikaja kompresheni kama 8 kwa 1, original ni 7.5. Petroli yetu inaivumilia bila kugonga. Kamshafti, ile inayofungua valvu, nikaweka Engle W100 na tapeti mpya, hiyo ni kamu ya kistaarabu, rokaamu na springi zilezile za mwanzo zinatosha.

Halafu ndo tukaja kwenye bati za upepo, na hapa ndo nikajua miaka yote nilikua nalaumu kitu kisicho na kosa. Gari ya 1972 kipozeo cha oil kinakaa nyuma, nje ya boma la feni (lile bati linaloelekeza upepo kwa silinda), kina kijumba chake. Ya kwangu, sijui nani na sijui lini, alifunga boma la zamani la miaka ya 60 ambalo kipozeo kiko ndani, kwa hiyo upepo unapita kwanza kwenye oil ya moto ndo unashuka kwa silinda namba tatu. Zaidi ya hapo mpira unaoziba pembeni ya injini haukuwepo, bati la nyuma halikuwepo, feni inavuta ilelile hewa moto iliyotoka chini. Fundi akaniuliza, "we hapo ungeweka hata pistoni za dhahabu zingekusaidia nini?" Sikua na jibu. Boma sahihi na bati zote nilipata kwenye gari iliyokufa Korogwe, laki mbili na nusu, na naapa ndo hela iliyofanya kazi kuliko zote.

Kabureta ni Solex 34 ileile, nimebadili jeti kuu saizi moja tu. Distributa (inayogawa moto kwa plagi) niliyokuta ni ile 009 isiyo na vakyumu, nimeitoa, ukikanyaga mafuta ghafla gari inasita kama inafikiria, nimeweka yenye vakyumu na kusita kumeisha.

Siku ya kuwasha tuliiacha dakika ishirini kwenye mizunguko kama 2,000 kamu izoeane na tapeti, nasimama na mtungi wa kuzimia moto mkononi moyo unadunda. Oil tulimwaga kwenye kilomita 500, valvu tukaseti tena 0.15 injini ikiwa baridi.

Nguvu sijapima kwa mashine yoyote, nakwambia barabara inavyosema. Tambarare ya Korogwe huoni tofauti kubwa, kidogo tu inachangamka. Mlima wa Mombo, watu watatu na mizigo, gia ya tatu karibu yote, nashuka ya pili kwenye kona kali tu, na nikifika Lushoto nachomoa dipstiki kwa vidole, zamani ilikua haishikiki. Mafuta inakula kama zamani, labda kidogo zaidi kwa sababu ya mguu wangu.

Jumla imenitoka kama milioni nne na nusu. Bado mrija mmoja wa pushrodi unavuja, upande wa kushoto, nimebadili sili mara mbili na asubuhi nakuta tone moja chini. Fundi anasema tone moja niache, nisiifungue tena, na mama naye anasema kama haivuji sio ya baba yako.