Vichujio vya Gmail kwenye ofisi ya forodha: anwani vinazijua, Kiswahili havikufundishwa

Ofisi ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, iwe Posta au Kurasini, inaishi ndani ya imeili. Kabla ya saa nne asubuhi zimeshaingia taarifa ya meli kuwasili, rasimu ya BL (hati ya shehena), ankara ya kampuni ya meli, kontroo namba, na mteja wa Kariakoo anayeuliza kontena lake limefika wapi. Katikati yake yamejaa matangazo ya semina, ripoti za mifumo na nakala za watu wanaojibizana "asante, nimepokea". Inayozama ndiyo yenye gharama. Taarifa ya meli ikionekana siku tatu baadaye, siku za bure za kontena zimeshaanza kuliwa, na storeji (tozo ya kuhifadhi mzigo) haisikilizi maelezo.

Vichujio vya Gmail ni bure, vipo hata kwenye akaunti isiyolipiwa, na vinafanya kazi kwenye seva za Google, si kwenye kompyuta ya ofisini. Kwa Dar hilo si dogo: umeme ukatike, mashine izimwe Ijumaa jioni, barua zinaendelea kupangwa. Outlook ya kompyuta ina baadhi ya kanuni zinazofanya kazi pale tu programu ikiwa imefunguliwa.

Kupanga barua kwa kuangalia nani katuma na katumiwa nani, vichujio hivi vinastahili alama za juu. Kupanga kwa maneno, hasa ya Kiswahili, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapojifungia barua zao wenyewe.

Kwanza kuunda. Programu ya Gmail ya kwenye simu haiundi kichujio, kwa hiyo fungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta. Mwisho wa kulia wa sehemu ya kutafutia kuna alama ndogo ya vistari. Ibonyeze, fomu itashuka: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, kichwa cha barua, maneno yaliyomo, maneno yasiyomo, ukubwa, tarehe, kiambatisho. Jaza, halafu usiunde bado. Bonyeza kutafuta kwanza, usome orodha inayokuja, ushuke hadi barua za miezi iliyopita. Kichujio si kingine bali utafutaji uliohifadhiwa: utafutaji ukileta takataka, kichujio kitaleta takataka hizo hizo kila siku bila kukuuliza. Orodha ikiridhisha, rudi kwenye fomu, bonyeza kuunda, ndipo uchague hatua: kuweka lebo, kuruka kikasha (barua isikae kwenye kikasha cha zinazoingia), kuweka alama ya kusomwa, kuweka nyota, kupeleka kwenye anwani nyingine, kufuta, na kadhalika.

Wiki ya kwanza chagua lebo tu. Kuruka kikasha kuje baadaye, ukishaona kwamba lebo inabandikwa panapostahili. Watu hawapendi ushauri huu kwa sababu wanataka kikasha kitupu leo leo.

Kwenye sehemu ya mtumaji, weka kikoa kizima (sehemu inayofuata @) badala ya anwani ya mtu mmoja. Kampuni ya meli haikuandikii kwa anwani moja. Kuna dawati la hati, la hesabu, na mashine inayotuma taarifa zenyewe. Ukiweka anwani ya yule dada wa dawati la hati, siku akienda likizo kichujio nacho kimeenda likizo. Kwa taasisi za serikali, yaani mamlaka ya mapato (TRA), ya bandari na shirika la viwango (TBS), mstari mmoja unatosha:

tra.go.tz OR ports.go.tz OR tbs.go.tz

Hilo OR liwe kwa herufi kubwa. Likiandikwa kwa herufi ndogo Gmail inalichukua kama neno la kawaida, na kichujio kinakaa kimya bila kulalamika. Anayekuja kutafuta kosa atakodolea macho anwani zote kabla hajaliona.

Barua ulizowekwa kwenye nakala tu zinastahili kichujio chake. Andika cc: ikifuatiwa na anwani yako kwenye sehemu ya maneno yaliyomo, zipe lebo ya "Nakala". Kwenye ofisi ambayo kila mtu anamwekea bosi nakala, kichujio hiki kimoja kinapunguza kelele kuliko vingine vyote kwa pamoja. Pia tumia alama ya kujumlisha: barua iliyotumwa kwa jina+hesabu@gmail.com inafika kwa jina@gmail.com bila kuunda akaunti mpya. Mpe kila msambazaji anwani yenye kiambishi chake, kisha chuja kwa sehemu ya mpokeaji. Tatizo lake ni kwamba fomu za baadhi ya tovuti zinaikataa hiyo alama.

Sasa maneno. Utafutaji wa Gmail unalinganisha maneno kamili, si vipande vya maneno. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo, maana neno halibadiliki sana. Kwa Kiswahili, mabadiliko yako mbele ya neno. Ukichuja "lipa", hupati "umelipa", "tutalipa", "hawajalipa" wala "yamelipwa". Ukichuja "mkataba", "mikataba" inapita pembeni; "kikao" hakimjui "vikao". Mteja anaandika "Nimeshalipia kontena", mwingine "Malipo tayari", wa tatu "Tumeweka hela jana", na hakuna kichujio cha neno moja kinachowakamata wote watatu. Waweza kuorodhesha: nimelipa OR tumelipa OR nimelipia OR tumelipia OR malipo. Lakini Kiswahili kina nafsi, nyakati na kauli. Orodha hiyo haina mwisho, na Kariakoo haiandiki sarufi sanifu.

Neno "ankara" nalo lina mtego wake. Ofisi inayoagiza bidhaa kutoka Uturuki ikiweka kichujio cha "ankara" bila kukifunga kwenye kichwa cha barua, itakamata kila barua ya msambazaji ambaye ofisi yake iko Ankara, mji mkuu wa nchi hiyo, hata kama anasalimia tu. Andika subject:(ankara OR invoice OR proforma), kwa sababu barua za Dar huja kwa lugha zote mbili, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Ongeza has:attachment filename:pdf, maana ankara isiyo na kiambatisho kwa kawaida ni mazungumzo kuhusu ankara. Kumbuka tu kwamba "Ankara4512" iliyoandikwa bila nafasi haihesabiwi kuwa "ankara".

Hapa Outlook inaishinda Gmail. Kanuni zake za maneno ya kwenye kichwa cha barua hukamata hata kipande, kwa hiyo "lip" inakupa umelipa, malipo, tutalipia na mlipaji kwa mkupuo. Itakuletea pia kila "pay slip" ya mwisho wa mwezi, lakini hiyo unaivumilia.

Kuna ujanja maarufu wa kukamata matangazo kwa neno "unsubscribe", ambalo hukaa chini ya barua za matangazo. Unafanya kazi, na ni hatari. Neno hilo lipo pia chini ya taarifa halali: mashirika ya ndege, mifumo ya kufuatilia makontena, huduma za kulipia. Mwenzako akikupelekea barua yenye neno hilo ndani ya maandishi yaliyonukuliwa, ya kwake nayo inaondoka. Ukiutumia, weka lebo bila kufuta. Inayofutwa na kichujio hukaa kwenye tupio siku 30, kisha haipo tena.

Jambo linalowasumbua waliozoea Outlook: vichujio vya Gmail havina foleni. Kila kinacholingana na barua kinaifanyia kazi, na hakuna amri ya "ishia hapa". Taarifa ya TRA yenye neno "unsubscribe" itapewa lebo ya Serikali na kichujio cha kwanza, halafu ikaondolewa kikashani na cha pili. Kupandisha kimoja juu ya kingine haiwezekani. Dawa ni kukiambia cha pili kisiziguse barua za serikali, kwa kuandika hivi kwenye maneno yaliyomo:

unsubscribe -from:(tra.go.tz OR ports.go.tz OR tbs.go.tz)

Hiyo alama ya kutoa ibanane na from bila nafasi.

Mazungumzo yenye majibu mengi yana tabia yake. Jibu linachujwa iwapo lenyewe linalingana na masharti. Kampuni ya meli ikiandika, barua inapangwa. Mteja akijibu ndani ya mazungumzo yale yale, jibu lake linaingia kikashani na kuuvuta mnyororo mzima juu. Mtu anadhani kichujio kimeharibika. Hakijaharibika, na kwa kazi hii ni afadhali hivyo.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuunganisha kuruka kikasha na kuweka alama ya kusomwa. Barua haionekani, haihesabiwi, haipigi mlio. Hiyo iachiwe ripoti za mashine tu. Hata kuruka kikasha peke yake kunanyamazisha simu, isipokuwa ukiiambia vinginevyo. Kwenye Android, ingia mipangilio ya Gmail, chagua akaunti, fungua sehemu ya kudhibiti lebo, gusa lebo yenyewe (tuseme "Meli"), washa kwanza usawazishaji wa barua zake, halafu washa arifa za lebo. Usawazishaji usipowashwa, arifa haziwashiki. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayomfanya mtu aliyeko geti la bandarini asijue kwamba barua anayoisubiri imeshafika.

Lebo hujipanga kwa alfabeti, kwa hiyo zianze na tarakimu: "1 Meli", "2 Serikali", "3 Hesabu". Sita au saba zinatosha ofisi ndogo. Mwenye lebo arobaini amehamisha fujo kutoka kikashani na kuipa majina.

Kisanduku cha kutumia kichujio kwa barua za zamani kinaonyesha idadi yake. Isome kabla ya kuweka tiki. Kufuta kichujio baadaye hakurudishi kilichokwisha kufanywa. Ile hatua ya kutopeleka kwenye barua taka kamwe, iwekee vikoa vichache unavyovijua. Tapeli anayejifanya msambazaji na kutuma "akaunti yetu ya benki imebadilika" anaupenda mlango huo ukiwa wazi.

Ofisi yenye wafanyakazi kadhaa isiunde vichujio upya kwa kila mmoja. Kwenye mipangilio, ukurasa wa vichujio na anwani zilizozuiwa, weka tiki kwa unavyovitaka, vihamishe kama faili la XML, na mwenzako aliingize kwenye akaunti yake kwenye ukurasa huo huo. Kabla hajaliingiza, ondoa chochote chenye anwani yako binafsi, la sivyo kichujio chake cha "Nakala" kitakuwa kinakutafuta wewe.

Ukurasa huo ufunguliwe mara moja kwa mwezi hata kama hakuna cha kuhamisha. Aliyeiba akaunti ya ofisi hupenda kuacha kichujio chake humo: kila barua yenye "invoice", "payment" au "malipo" ipelekwe kwenye anwani ya nje na nakala iende kwenye tupio, ili mwenye akaunti asione majibu ya wateja wanaoelekezwa akaunti ya benki ya uongo. Ukikuta mstari usioujua, ufute, kisha ukague pia sehemu ya kupeleka barua kwenye anwani nyingine. Nywila ibadilishwe, ndiyo, lakini kubadilisha nywila hakukiondoi kichujio hicho. Kitaendelea kufanya kazi mpaka mtu akifute kwa mkono.