Lake Ellis, Mlima Kenya: watu wanapita tu hapa na ndipo pa kukaa

Wakenya wengi tukisikia Mlima Kenya tunawaza kilele cha Lenana peke yake, mita 4,985, unapigwa picha na bendera unashuka magoti yakiuma basi umemaliza mlima. Sasa kuna ziwa upande wa Chogoria linaitwa Lake Ellis, liko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na wapandaji karibu wote wanalitumia kama mahali pa kulala tu, wanafika alasiri wamechoka, wanapika, wanalala, kukipambazuka wameshafunga hema na kuondoka. Mimi naona wanakosa sana. Hili ziwa ndilo safari yenyewe, na kama wewe hutaki kupanda kilele ama una wazazi ama vijana wa familia wanaopenda kukempi, panga uje ukae hapa, usipite.

Nianze na barabara manake ndiyo inaamua kama utafurahia ama utalia. Nairobi hadi Chogoria mjini kupitia Embu na Chuka ni lami, hakuna shida. Shida iko kutoka mjini kwenda geti la mbuga, hiyo ni kama kilomita thelathini za udongo, unapanda tu, kwanza mashamba ya chai halafu unaingia msituni kabisa, na mvua ikiwa imenyesha gari linateleza kama limekanyaga sabuni. Probox na Vitz ziacheni huko chini jamani, tafuta 4x4 ya ukweli. Hapo Chogoria wako madereva wa Land Rover wanaojua kila kona ya hiyo njia na wanafanya kazi nzuri, lakini kubalianeni bei kabla hamjaingia garini, na mseme waziwazi mnaenda mpaka wapi, getini, ama mwisho wa barabara, ama ziwani kwenyewe, kwa sababu sisi dereva wetu tulipofika getini alianza kusema ile bei ilikuwa ya getini tu, ikawa maneno mengi kwenye baridi na mizigo iko nje. Yaandikeni kwa meseji, mtanishukuru.

Huo msitu lakini, weh. Unapita kwenye miti mikubwa ya podo na kafuri, halafu mianzi imebana pande zote mbili mpaka gari linakuwa kama liko kwenye giza saa sita mchana, na kinyesi cha ndovu kiko barabarani kibichi, kwa hivyo usishuke kupiga picha bila kuuliza dereva. Ukikaribia geti mianzi inaisha inaanza ile miti mizee iliyopinda yenye nyuzi za kijani zinaning'inia kwenye matawi. Geti liko karibu mita 3,000, na ushauri wangu wa kwanza kabisa ni mlale hapo usiku wa kwanza, kuna banda za kukodisha na mahali pa hema. Kutoka Nairobi mpaka ziwani ni kupanda karibu mita 1,800 kwa siku moja na mwili haupendi hiyo kitu, kichwa kinagonga, chakula hakishuki, usingizi hauji. Mkilala getini mnafika ziwani mkiwa watu. Usiku mtasikia mnyama anapiga kelele mitini kama mtu ananyongwa, msiogope, ni perere, mnyama mdogo tu asiyefika hata ukubwa wa paka aliyenona.

Ada ya kuingia inalipwa kwa eCitizen, pesa taslimu hawachukui, na bei za KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hubadilika kwa hivyo angalia kabla ya kutoka nyumbani na ulipe ukiwa bado na netiweki nzuri. Beba kitambulisho.

Kutoka getini mpaka ziwani unaeza kwenda na gari kama njia imekauka, ama mtembee, kwa mwendo wa pole ni masaa matatu manne hivi, na mimi nasema tembeeni, gari libebe mizigo. Miti inapungua unaingia kwenye nyasi za mafundomafundo na vichaka, kisha unaanza kuona ile mimea mirefu ya lobelia na vindege vya chozi vinaizunguka, halafu ghafla ziwa hilo hapo. Si kubwa. Si la kina sana. Hakuna msitu unaolizunguka, ni wazi, upepo unapita utakavyo. Lakini kaa hapo mpaka asubuhi ndiyo utaelewa kwa nini naandika haya yote. Huu ni upande wa mashariki wa mlima, kwa hivyo jua likichomoza linapiga vilele moja kwa moja usoni, Batian na Nelion vinakuwa rangi ya dhahabu wakati wewe bado uko kwenye kivuli na umeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Amka saa kumi na mbili kasoro. Ukingoja saa nne mawingu yameshapanda kutoka bondeni na mlima umejificha, utakaa siku nzima ukiambiwa na watu ati vilele viko pale.

Baridi. Hii baridi si ya Limuru. Usiku inashuka mpaka nje ya hema kunakuwa na barafu juu ya nyasi, hata Januari na Februari ambayo ndiyo miezi mizuri ya kwenda pamoja na Julai hadi Septemba. Begi la kulalia liwe la baridi kali kweli, si zile za kulalia Naivasha, na chini uweke godoro la sponji manake ardhi ndiyo inakula joto kuliko hewa. Hema tulikodisha Nairobi, sitaji kwa nani, na zipu ya mlango ilikuwa imekufa na hakuna mtu alituambia, tukaifunga kwa kamba na pini usiku kucha upepo ukiingia. Mkikodisha vitu lifungueni hema pale pale dukani, msimamishe, mfunge na mfungue kila zipu, mhesabu vigingi, hata kama mwenye duka anaonekana kuchoka na nyinyi.

Mambo ya chakula sikilizeni vizuri. Kule juu maji yanachemka kabla hayajafika joto la kawaida, kama nyuzi 88 hivi, kwa hivyo maharagwe makavu mtayachemsha mpaka gesi iishe na bado ni mawe. Githeri ichemsheni nyumbani iive kabisa, kule ni kukaanga tu na kitunguu. Mchele unaiva ukiufunika vizuri ukaweka jiwe juu ya kifuniko, ugali unasumbua, chapati za kubeba ni dhahabu, tambi ni rahisi. Gesi ya mikebe midogo ikipoa sana kwa baridi inatoa moto mdogo sana, lala nayo karibu na miguu asubuhi itawaka vizuri. Maji ya ziwa chemsheni ama mchuje, wanyama wanakunywa hapo pia. Na moto wa kuni sahauni kabisa, zile nyasi zikikauka zinawaka haraka sana, mwaka 2012 moto ulichoma sehemu kubwa ya huu mlima na mtu mmoja na kiberiti chake anaeza kurudia hiyo.

Mchana hamtakosa cha kufanya. Mugi Hill iko karibu, mnapanda asubuhi mnarudi kula. Kuna maporomoko ya mto Nithi. Wanaopenda kuvua, kuna samaki wa trauti kwenye hili ziwa, uliza getini habari ya kibali kabla hujatupa ndoano. Wenye miguu ya nguvu wanaeza kuendelea mpaka waone Lake Michaelson iko chini kabisa kwenye bonde la Gorges, kuta za mawe zimesimama pande zote, lakini hiyo ni siku nzima na mwongozaji ni lazima mwende naye, ukungu ukishuka njia inapotea mbele ya macho yako. Mtu kichwa kikizidi kumuuma na anaanza kutapika msimwambie ajikaze, mteremsheni getini siku hiyo hiyo.

Kitu kimeniudhi sana ni takataka. Plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020 lakini nimekuta chupa na karatasi za biskuti zimesukumwa chini ya vichaka, na tishu karibu na maji yale yale watu wanapikia. Choo chimba shimo mbali na ziwa, hatua mia moja si nyingi, ufukie. Takataka zote zirudi na gari lililozileta. KWS wangeweka mtu wa kukagua mizigo wakati wa kutoka, si kuingia tu, hiyo ingesaidia.

Mimi naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeitoa kwa barabara. Mwenye pumu, ama mwenye mtoto mdogo sana asiyeweza kusema kichwa kinamuuma, hapa bado, mwende Castle Forest kwanza, upande wa kusini wa mlima, huko ni chini na kuna miti ya kuwakinga. Wengine wote nendeni, mkae angalau usiku mbili ziwani, na siku ya kurudi mtoke mapema, kabla ya saa sita, manake mvua za mchana zikianza kule kwenye mianzi hata Land Rover inakuwa na maoni yake.