Ampli ya kusukuma spika bapa za Magnepan: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Spika za Magnepan LRS zinatoa sauti ambayo sijaisikia kwenye spika yoyote ya sanduku ya bei yake, lakini zinadai ampli (kikuza sauti) yenye nguvu nyingi. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, huku kusini-mashariki mwa Kongo, wanaoniuliza ampli gani wanunue. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu ambao umeme wao hauyumbi. Huku kwetu hesabu inaanzia kwenye prizi ya ukutani, karatasi ya kiwanda inafuata baadaye.

Kwanza spika zenyewe. Magnepan ni kampuni ya White Bear Lake, jimbo la Minnesota, Marekani, iliyoanzishwa na Jim Winey mwaka 1969. LRS ilitoka mwaka 2019 kwa dola 650 jozi, bei ya kulekule. Kila spika ni ubao uliosimama: urefu sentimita 122, upana 37 hivi, unene sentimita 2 na nusu. Haina sanduku wala koni. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa vipande vya alumini, na karibu nao safu za sumaku. Umeme wa ampli ukipita kwenye alumini, utando wote unatikisika na kusukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Zangu zilikuwa zimetumika. Shemeji aliye Ubelgiji ndiye aliyenitafutia, zikaingia kwa kontena kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Nikisema sauti, nazungumzia nini? Chukua rumba ya miaka ya 70, ile yenye gitaa la solo, la mi-solo (lililo kati) na la kusindikiza, yote matatu yakisemezana. Kwenye spika ya kawaida yanakaa kwenye rundo moja, unayatenganisha kwa akili. Kwenye LRS kila gitaa lina mahali pake pa kusimama, na mwimbaji ana kimo cha mtu. Kwaya ndiyo inayonishika zaidi: unasikia soprano wako wapi, besi wako wapi, na nafasi iliyo kati yao. Mke wangu, ambaye mambo ya vyombo hayamhusu, ndiye aliyesema kwamba sasa anasikia maneno ya wimbo mzima.

Lakini hayo yote yanakuja pale tu ampli inapokuwa na nguvu ya kutosha. Kiwanda kinaandika usikivu, yaani ukubwa wa sauti kwa umeme fulani, wa desibeli 86 kwa volti 2.83, kwa mzigo wa omu 4 (omu ni ukinzani wa spika; zikiwa chache, umeme mwingi zaidi unapita). Msomaji wa haraka anaona 86 anaridhika. Sasa fanya hesabu: volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, ila kwenye omu 4 ni wati 2. Maana yake kwa wati 1 halisi unapata desibeli 83. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, wati zinazidishwa mara mbili. Ukitaka 10, zinazidishwa mara kumi. Ngoma ikipigwa au kwaya ikipaza, kilele kinaweza kuruka desibeli 20 juu ya sauti ya wastani, na desibeli 20 ni nguvu mara mia. Kwa hiyo muziki unaotumia wati 1 kwa wastani unataka wati 100 kwa sekunde ile ya kilele. Ampli isipokuwa nazo inakata kichwa cha wimbi, na sikio linasikia ukali, hasa kwenye tarumbeta na sauti za wanawake.

Jambo la pili ni ampea. Spika hizi zinakaa karibu na omu 4 kutoka sauti ya chini hadi ya juu, hazipandi na kushuka kama spika nyingi za sanduku. Huo ni wema wake, ampli haishtukizwi. Lakini omu 4 muda wote ni kazi bila kupumzika. Ampli ya wati 100 kwa omu 8 inatoa volti 28.3. Volti hizohizo kwenye omu 4 zinadai ampea 7 na wati 200. Ndiyo maana mimi nikipokea karatasi ya ampli naruka mapambo yote, naweka kidole kwenye namba mbili: wati za omu 8 na wati za omu 4. Ya pili ikikaribia kuwa mara mbili ya ya kwanza, transfoma na kapasita zake ni za kweli. Ikiwa 80 kwa omu 8 halafu 95 kwa omu 4, iache, hata kama sura yake inavutia. Na kama omu 4 haijaandikwa kabisa, usiulize zaidi.

Kuna swichi nyuma ya baadhi ya ampli za nyumbani imeandikwa 4 na 8. Watu wanaigeuza kwenye 4 wakidhani wanaisaidia spika. Katika mashine nyingi swichi hiyo inapunguza volti za ndani ili ampli isipate joto, yaani inakunyima nguvu pale unapoihitaji.

Nimezisikiliza LRS na ampli tatu, sebuleni kwangu, kwa muziki uleule.

Ya kwanza ni ampli ya nyumbani ya kila kitu pamoja, ya wati 60, ya kampuni ambayo sitaitaja kwa kuwa iliundwa kwa spika za aina nyingine. Kwa sauti ndogo ya usiku ilikuwa tamu. Ukipandisha, besi inakuwa nyepesi, sauti ya juu inaanza kuchoma, na kifuniko kinapata moto mkono usikae. Kijana anayesimamia vyombo vya sauti kwenye kanisa letu alikuja kusikiliza, akakaa kimya nyimbo kadhaa, kisha akaniambia: "Yaya (kaka mkubwa), sauti iko, ila nguvu haiko." Hakuna aliyewahi kulieleza tatizo la spika bapa kwa maneno machache hivyo.

Ya pili ni ampli nzito ya klasi AB, ule muundo wa zamani unaopata joto, niliyoazimwa na rafiki wa Likasi, wati 150 kwa omu 8 na 250 kwa omu 4, yenye transfoma ya duara inayohitaji watu wawili kuibeba bila kuumiza mgongo. Hapa ndipo nilipozisikia LRS mara ya kwanza kwa ukamilifu. Gitaa lilipata mwili, besi ikashuka mpaka pale spika inapoishia, karibu na hezi 50, na sauti za watu zilikuwa na ujotojoto ambao sijaupata kwingine. Kwa sauti peke yake ningebaki nayo.

Kilichonifanya nisibaki nayo ni umeme wetu. Ampli ya namna hii inategemea volti za ukutani moja kwa moja. Prizi inapaswa kutoa 220. Jioni, kila lupango (uwanja wa nyumba) inapowasha jiko la umeme kupika bukari (ugali), mita yangu inasoma 180, na siku nyingine chini ya hapo. Volti za ndani zinashuka kwa kiwango kilekile, na kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa volti, 180 gawanya kwa 220, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.67. Yaani ampli ya wati 250 saa kumi alasiri inakuwa ampli ya wati 167 saa mbili usiku, saa ambayo ndiyo mtu anarudi kazini na kutaka muziki. Kwa spika ya sanduku yenye usikivu mkubwa husikii tofauti. Kwa spika bapa unaisikia wazi.

Regulata, kifaa cha kutuliza volti, inasaidia, na mimi ninayo. Lakini inunue ya uwezo wa kutosha, kilovolti-ampea 2 au zaidi kwa ampli ya ukubwa huu, kwa sababu regulata ndogo inaibana ampli pale kwenye kilele. Tena SNEL, shirika la umeme, wakikata unahamia kwenye betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na hapo transfoma kubwa inaleta shida mbili. Unapoiwasha inavuta umeme mwingi kwa sekunde moja, inveta inadhani kuna shoti na kujizima. Na kama inveta yako haitoi wimbi safi, transfoma inanguruma, ngurumo unayoisikia mpaka kwenye kiti. Juu ya hayo, klasi AB inakula makumi ya wati hata muziki ukiwa umesimama, na betri hazina huruma.

Ya tatu ndiyo niliyonunua: Crown XLS 1502. Crown ni kampuni iliyoanzia Elkhart, Indiana, Marekani, mwaka 1947, na ampli zake unazikuta makanisani na kwenye kumbi za harusi kuliko sebuleni. Ni klasi D, muundo unaowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa na kupoteza nguvu kidogo. Kiwanda kinaandika wati 300 kwa omu 8 na 525 kwa omu 4, kila upande, na mashine yenyewe haifiki kilo 5. Nilikuwa na wasiwasi kwamba chombo cha kazi za jukwaa kitaleta ukali nyumbani. Haikuwa hivyo. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni besi: ile kamba nene ya gitaa la besi inaanza na kukoma kwa wakati wake, haibaki ikivuma. Cha pili ni utulivu. Kwaya inapopaza kwa pamoja hakuna kinachojibana, unasikia watu wameongeza pumzi tu. Nimeisukuma mpaka jirani akatuma mtoto kuja kuuliza kama kuna sherehe, na bado ilikuwa na akiba.

Ikilinganishwa na ile ya klasi AB, inapoteza kidogo kwenye ule ujotojoto wa sauti ya mtu. Nasema kidogo kwa dhati; kwa rekodi za zamani zenye kelele ya ukanda wa kurekodia, ile nzito ilisamehe zaidi. Kwa rekodi mpya naipenda Crown. Na kwenye inveta yangu inawaka bila kugoma, inafanya kazi bila kuvuta betri kwa pupa, haina transfoma kubwa ya kunguruma. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo lina uzito sawa na sauti yenyewe.

Kuna mambo ya kujua kabla ya kuichukua. Hiyo ni ampli ya nguvu peke yake, haina rimoti, haichagui redio au diski. Unahitaji kitu mbele yake chenye kidhibiti cha sauti. Mimi natumia kibadilishi cha dijitali kinachopokea muziki kutoka kompyuta. Ndani ya menyu ya Crown unaweza kuchagua usikivu wa kuingiza, volti 1.4 au 0.775, ukiwa na chanzo dhaifu kama simu, chagua 0.775. Ina feni ndani, kwa hiyo mahali pake ni kwenye rafu ya pembeni yenye hewa, mbali na kiti, na vumbi letu jekundu la kiangazi lipulizwe mara kwa mara. Ina pia kichujio cha kugawa sauti, kinachofaa siku utakapotaka kuongeza sabufa (spika ya besi) chini ya hezi 80. Hakikisha toleo unalouziwa ni la volti 220, maana mzigo mwingine unatoka Marekani ukiwa wa 120.

Usikubali mtu akuunganishie chaneli mbili ziwe moja ili upate wati nyingi zaidi. Ukifanya hivyo kila chaneli inaiona spika ya omu 4 kama ya omu 2, na ampli nyingi za nyumbani haziwezi. Vilevile nguvu yote hiyo ni akiba ya kilele. Ukiisukuma muda wote kama uko uwanjani, alumini ile nyembamba itaungua.

Mafundi wengine watakushauri ampli ya taa, zile za valvu. Nimesikia nzuri sana, lakini ya wati 30 au 40 kwa LRS ni ya chumba kidogo na sauti ya chini.

Kuhusu chumba nitasema machache. Spika inapiga pia nyuma, kwa hiyo iache mita 1 hivi kutoka ukutani. Ukiibandika ukutani hata ampli ya dola 5,000 haitakuokoa. Nyumba zetu za matofali na sakafu ya simenti zinarudisha sauti kwa nguvu, zulia nene mbele ya spika linafanya kazi kubwa. Masika, radi zinapoanza, chomoa kila kitu ukutani, regulata pia. Na mvua ikipiga mabati hakuna ampli itakayoishinda, subiri ipite.

Mwenye bajeti ndogo namwambia atafute XLS 1002, ndugu mdogo wa ile yangu, wati 350 kwa omu 4. Kwa sebule ya kawaida ya Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, inatosha kabisa, na pesa inayobaki iende kwenye regulata. Mwenye laini ya umeme isiyoyumba, au sola kubwa ya wimbi safi, achukue klasi AB nzito yenye wati 250 kwa omu 4 na kupanda, na mimi nitakuja kusikiliza kwake.