Duka la kuchapia mitihani Wete: masta unaondoka nayo mwenyewe

Kila ukikaribia msimu wa mitihani walimu wenzangu wa Wete, Konde na Micheweni, hapa Pemba, wananiuliza nachapisha wapi, basi leo najibu kwa urefu. Tokea mwaka jana kazi zangu zote nazipeleka duka moja la steshenari hapa Wete, njia ya kuteremkia bandarini, lenye mlango wa buluu. Kibao chake kimeandikwa kopi, kuprinti na picha za pasipoti, jina hakina. Mwenye duka sote tunamwita Fundi.

Nianze na kilichonihamisha nilikokuwa. Nasomesha fizikia na kompyuta skuli ya sekondari. Miaka miwili nyuma nilipeleka mtihani wa kidato cha tatu duka jengine, ambalo sitolitaja, maana najua hawakukusudia ubaya. Kijana wa pale alilivuta faili kutoka kwenye flashi yangu, akaliweka kwenye kompyuta ya mbele, akaprinti, nikalipa nikaenda zangu. Faili likabaki pale pale kwenye kioo, na jina nililoliandika mwenyewe: Mtihani Fizikia F3. Jioni mwanafunzi mmoja akaenda kupiga picha ya pasipoti, akaliona, akalifungua, akalipiga picha kwa simu.

Usiku wa pili yake nikabishiwa hodi. Mtoto wa kike wa darasa lile kaja na mama yake, kasimama ukumbini, mikono kaifumbata ndani ya mtandio. "Shikamoo mwalimu. Suali la nne na la saba ninayo. Sikuyatafuta, nimetumiwa." Nilikaa mpaka usiku wa manane kutunga mtihani mpya kwa mkono, asubuhi nikauandika ubaoni. Wenzake zaidi ya thelathini walitumiwa picha ile ile na hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo ninaposifu duka hili, nasifu nikimkumbuka yeye.

Ukifika kwa Fundi na flashi, haichomeki moja kwa moja kwenye kompyuta ya kuprintia. Pembeni ana kompyuta ndogo kuukuu inayotumia Linux, mfumo mwengine usio Windows, huko ndiko flashi inakoanzia. Walimu wote tunavijua virusi vya shotikati: unafungua flashi unakuta mafolda yako yamegeuka vialama vyenye kimshale, unadhani kazi yako imepotea. Haijapotea, imefichwa tu. Ukibofya kile kimshale ndio unakiamsha kirusi, kinahamia kwenye mashine na kukaa kuisubiri flashi ya mtu mwengine. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux havifanyi kitu. Fundi anaviona vimelala, anavifuta, anayafichua mafolda yako. Mara ya kwanza alinigeuzia kioo nione: vitatu, vyote kwenye folda langu la alama za wanafunzi. Akaniambia, "Mwalimu, hivi umekuja navyo kutoka skuli kwenu." Nilipoikagua kompyuta ya ofisi ya walimu nilikuta ni kweli, na flashi zetu wote zilikuwa zinapita hapo.

Lakini lililonifanya niandike haya ni masta.

Mitihani ya darasa kubwa tunachapa kwa Riso. Kwa asiyeijua, mashine hii haichapi kama printa. Inayachoma maandishi kwenye utando mwembamba uitwao masta, inauvika kwenye ngoma ya wino, na kila karatasi inayopita inapigwa chapa. Ndiyo maana nakala mia mbili zinatoka rahisi kuliko kopi. Sasa masta yako inabaki kwenye ngoma mpaka kazi ya mtu mwengine iingie. Ikiingia, yako inasukumwa kwenye kisanduku cha takataka ndani ya mashine, imelowa wino, na ukiikunjua inasomeka suali kwa suali. Miaka yote niliyochapisha mitihani sijawahi kuuliza kisanduku kile kinamwagwa wapi. Tokea mtihani ule uvuje nilikuwa nalinda faili kwa neno la siri, kumbe mtihani mzima umo jaani.

Fundi akimaliza nakala anabonyeza kitufe cha kutunza siri, ambacho kimo kwenye mashine nyingi za Riso ila wengi hawakigusi. Mashine inaitoa masta yako na kuvaa masta tupu, ili asije mtu akabonyeza chapa ikatoka nakala ya mia mbili na moja. Kisha anakivuta kisanduku mbele yako, anaichukua ile masta inayotiririka wino, anaivingirisha kwenye gazeti, anakukabidhi. Yangu naichoma nyuma ya nyumba. Hilo linakugharimu masta moja zaidi, shilingi 3,000 kwa bei yake, na nakuombeni msimbishie kwa hilo.

Na WhatsApp nayo. Mwalimu ukifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yake kushusha faili, hakuachi uondoke mpaka ushike simu yako, uingie kwenye vifaa vilivyounganishwa na uitoe kompyuta yake. Kwengine watu wanafunga ukurasa tu, na akaunti inabaki wazi, siku nzima anayekaa hapo anasoma ujumbe wako.

Skuli kwetu alikuja Jumamosi moja kwa malipo ya nauli na chakula cha mchana. Tuna kompyuta 12 za msaada, zote zilikuwa na Windows 10, ambayo usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nane hazikubali Windows 11 kwa sababu ya uzee wa vifaa vyake, akazitia Linux Mint. Wanafunzi akawafungulia akaunti zisizo na ruhusa ya kuweka programu. Kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, akaandika 1.1.1.3, anwani ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za virusi na za uchafu. Alituambia wazi kwamba mtoto mwenye bando lake kwenye simu yake haitamgusa, nikapenda hakutuuzia ndoto.

Baadaye akaongea na wanafunzi, dakika ishirini hivi. Akawahadithia habari ya faili lililoachwa dukani bila kutaja mtu. Kijana mmoja akanyosha mkono: "Lakini Fundi, faili halikuwa na kufuli." Akamuuliza, "Na mikarafuu ya babu yako ina kufuli?" Darasa kimya. Kila mtoto pale ana shamba la ukoo, na anajua anaitwaje mtu anayechuma usiku karafuu zisizo zake. Mimi nikaongezea habari ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mtu kwa makusudi bila ruhusa kuna faini isiyopungua shilingi 3,000,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Waliandika kwenye madaftari, lakini nilipowasahihisha wiki iliyofuata, karibu wote walijibu kwa mikarafuu.

Kasoro zipo. Riso ni moja tu, na wiki ya mitihani foleni inatoka nje hadi kwa muuza urojo. Jenereta hana, umeme ukikatika unasubiri, na wino wa masta iliyokwisha vaa unaanza kukauka. Ijumaa anafunga saa tano na hafungui tena mpaka alasiri. Msaidizi wake, kijana mzuri na mwepesi wa mkono, siku moja aliichomeka flashi yangu moja kwa moja kwenye kompyuta ya kuprintia kwa sababu watu walikuwa wengi. Nilimwambia Fundi, na siku ya pili nikakuta karatasi imebandikwa juu ya mashine ile: "Flashi ya mtu ni amana. Ianzie kule." Sijaona ikirudiwa, ila bado namtazama mkono yule kijana.

Bei zake: kopi 100, kuprinti 300, kusafisha flashi 2,000, na mwanafunzi anayeleta flashi ya masomo anasafishiwa bure. Kuna maduka ya rahisi zaidi, hilo sikatai.

Mkitokea Chake kwa gari ya 606, shukeni stendi mtembee. Njooni asubuhi saa mbili, na njooni na flashi yenye mtihani peke yake, alama na picha za harusi ziacheni nyumbani. Mimi nimeshaweka zamu ya Alkhamisi kwa mtihani wa nusu muhula, kidato cha pili na cha tatu, nakala 240.