TMPRSS2 na furini: nani hukikata kirusi cha influenza?

Kirusi cha influenza (mafua) chenye HA, protini ya uso wake, isiyokatwa (HA0) huweza kujishika kwenye seli na hata kumezwa, lakini hakiambukizi. HA0 lazima igawanywe kuwa HA1 na HA2, la sivyo asidi ya ndani ya kifuko cha seli, pH 5 hadi 5.5 hivi, haiwezi kuunganisha utando wa kirusi na wa seli.

Aina za kawaida za influenza A ya binadamu huwa na arginini (aina ya asidi amino, tofali la protini) moja tu mahali pa kukatwa. Mkataji wake mkuu ni TMPRSS2, kimeng'enya kilichojikita kwenye utando wa seli za njia ya hewa. Panya walioondolewa jeni yake hustahimili H1N1, mojawapo ya aina hizo, vizuri mno. Aina nyingine, H3N2, hupata mkataji mwingine kwa urahisi zaidi. Bakteria pia huchangia: baadhi ya aina za Staphylococcus aureus hutoa vimeng'enya vinavyokata HA.

Virusi vikali vya ndege, H5 na H7, vina arginini na lisini (asidi amino nyingine) kadhaa mfululizo. Hapo hukata furini, kimeng'enya kilichomo karibu kila seli, kwa hiyo kuku huathirika hadi ubongo.

Tofauti hii huonekana wazi maabara. Kwenye seli za MDCK (seli za figo ya mbwa zinazokuzwa maabara), kirusi cha kawaida huhitaji tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, iliyotibiwa kwa TPCK (kemikali inayozima kimeng'enya kingine kilichochanganyika nayo), takriban mikrogramu 1 kwa mililita. Osha seli kwanza: seramu (majimaji ya damu yanayotumika kukuzia seli) iliyobaki huizima tripsini, na kirusi hakisambai. Ukizidisha dozi, seli hubanduka. Kirusi kinachokatwa na furini hukua bila tripsini.