Sindano za kijani za Musonoi: tathmini ya kuprosklodowskiti kwa anayetaka kununua

Kati ya madini yote ya urani yanayouzwa kwa wakusanyaji wa mawe, kuprosklodowskiti kutoka Musonoi tunaiweka ya kwanza kwa uzuri. Inadai uangalifu pia, na anayeinunua bila kujua hilo atajuta. Tathmini hii inahusu bidhaa kama inavyouzwa mara nyingi: kipande cha mwamba chenye upana wa sentimita 2.5 hivi, sindano za kijani zimeota upande mmoja, kimebandikwa ndani ya kisanduku cha plastiki angavu, na lebo ya jina na mahali kilikotoka. Ukubwa huo unatosha kabisa. Ukichukua jiwe la ukubwa wa ngumi utapata mionzi zaidi, lakini sindano zitakuwa zilezile, na utazitazama kwa lenzi ileile.

Musonoi ni mgodi wa shaba na kobalti pale Kolwezi, jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo ambalo hadi 2015 lilikuwa sehemu ya Katanga. Urani imo humo kwa kiasi kidogo, imefuatana na shaba. Maji yaliyopenya miambani yaliyeyusha vyote viwili, yakavikutanisha na silika, na ndani ya nyufa zikaota sindano hizi. Fomula inaonyesha wote watatu: Cu(UO2)2(SiO3OH)2·6H2O. Madini haya yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933 kutokana na mawe ya Kalongwe, hukohuko Katanga. Jina lake refu lina mantiki: sklodowskiti, iliyopewa jina la Maria Skłodowska Curie mwaka 1924, ni ya manjano na ina magnesi, shaba ikikaa mahali pa magnesi, rangi inageuka kijani na jina linaongezewa "kupro".

Lebo iliyoandikwa "Kongo" peke yake haitoshi. Dai jina la mgodi. Na wauzaji wanajua kwamba jina la Shinkolobwe, mgodi wa karibu na Likasi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya 1945, humfanya mteja afungue pochi haraka. Kuprosklodowskiti imepatikana Shinkolobwe pia, ila usilipe nyongeza kwa jina hilo kama hakuna lebo ya zamani inayolithibitisha. Kwa uzuri wa sindano, Musonoi haina deni kwa Shinkolobwe.

Sasa ukaguzi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na taa nyeupe yenye nguvu. Sindano halisi ni nyembamba kama manyoya, zimetawanyika kutoka kitovu kimoja kama miale ya jua au zimefungamana kama fundo la nyasi. Zikiwa nyembamba ni kijani cha majani machanga. Zikisongamana zinaelekea kwenye zumaridi iliyoiva. Ukiona vibamba bapa vya mraba, hiyo ni toberniti au metatoberniti, madini mengine ya urani na shaba, ambayo ni mengi na bei yake ni ya chini. Kijani kizito kinachokaribia weusi huenda ni vandenbrandeiti, nayo ni madini ya urani na shaba. Chembe za manjano inayoelekea chungwa pembeni ya sindano mara nyingi ni kasoliti (madini ya urani na risasi), na kwa jiwe la Musonoi hiyo ni dalili njema, kwa sababu wawili hao hukaa pamoja.

Anayekusumbua hasa ni malakiti, madini ya shaba yasiyo na urani. Nayo ni kijani, nayo huota sindano, nayo hutoka katika migodi ileile. Kipimamionzi kinatenganisha jiwe lenye urani na lisilo nayo, lakini hapa kuna mtego: sindano za malakiti zinaweza kukaa juu ya mwamba wenye urani uliojificha ndani, na kipimo kikalia vizuri tu. Njia ya kuukwepa ni hii. Toboa tundu la milimita 5 katikati ya bamba la alumini lenye unene wa milimita 3, lifunike dirisha la kipimo kwa bamba hilo, kisha lipitishe taratibu juu ya jiwe, milimita chache bila kuligusa. Alumini inazuia sehemu kubwa ya beta (mionzi ya elektroni inayopenya kiasi), kwa hiyo unasikia hasa kile kilicho chini ya tundu. Mlio ukipanda kila tundu linapofika juu ya kijani na kushuka likifika kwenye mwamba mtupu, urani imo ndani ya kijani. Ukibaki uleule kila mahali, mtumie muuzaji picha umwulize maswali.

Taa ya urujuanimno ni kipimo kingine chepesi. Kuprosklodowskiti haiwaki chini ya taa hiyo hata kidogo. Shaba iliyomo ndani yake inaua mng'ao. Kwa hiyo tangazo lenye picha ya sindano zinazowaka kijani gizani linauza kitu kingine. Anayetaka jiwe la kuwaka anunue otuniti, ambayo haina shaba na huwaka sana.

Kuhusu mionzi yenyewe, hesabu ni hizi. Asilimia 53 ya uzito wa madini haya ni urani. Gramu moja ina gramu 0.53 za urani, na atomi za urani-238 peke yake huvunjika mara 6,500 hivi kila sekunde, kabla hujaongeza watoto wake katika mnyororo, yaani atomi nyingine za mionzi zinazozaliwa moja baada ya nyingine urani inapovunjika. Hata hivyo gramu moja ya madini yenyewe ni nyingi: uzito wake ni kama mara 3.8 wa maji, kwa hiyo gramu hiyo ni robo ya sentimita ya ujazo, na kijiwe cha kawaida hakibebi zulia la sindano nene kiasi hicho. Muuzaji akikuambia "gramu 20", hizo karibu zote ni mwamba. Mwulize sindano zimefunika eneo kubwa kiasi gani, na unene wake.

Vipimo vya bei nafuu vyenye bomba la chuma, kama SBM-20, havioni alfa kabisa, yaani mionzi mizito inayozuiwa hata na karatasi. Vinasikia beta kali na gama (mionzi inayopenya zaidi) tu. Kwa mawe ni bora kile cha dirisha bapa la mika. Lakini usiogope tarakimu zake za mikrosivati (kizio cha dozi ya mionzi mwilini) ukikigusisha jiwe. Kimesawazishwa kwa gama, na hapo kinahesabu alfa na beta kana kwamba zote ni gama, kwa hiyo namba inakuwa kubwa kupita ukweli. Weka alumini ya milimita 3 (isiyo na tundu), kisha pima sentimita 10, sentimita 30, na mita moja. Kwa kijiwe kidogo, ukisogea kutoka 10 hadi 30 kiwango kinashuka karibu mara tisa. Kipimo cha maana zaidi ni cha kwenye kiti unachokalia. Mikrosivati 0.5 kwa saa juu ya kiwango cha kawaida cha chumba, ukikaa hapo saa 8 kwa siku kwa siku 250, ni milisivati 1, yaani kikomo kizima cha mwaka kwa mtu wa kawaida. Kama kiti chako kinakaribia hapo, hamisha jiwe. Kuhama mita moja ni tiba rahisi kuliko zote.

Kisanduku kinachokuja na jiwe ni dosari ya kwanza ya bidhaa hii. Ukuta wake wa plastiki wa milimita 1 au 2 unazuia alfa, lakini beta kali ya mnyororo huu, kwa mfano ile ya protaktini-234m, mmoja wa watoto wa urani, yenye nishati ya MeV 2.27, inapita bila shida. Kiweke chote ndani ya kasha la akriliki lenye unene wa milimita 10. Unene huo unaimaliza beta hiyo na jiwe linabaki likionekana. Risasi haihitajiki kwa kijiwe kimoja: ni nzito na inaficha kile ulichonunua ukitazame.

Dosari ya pili ni radoni. Gesi hii ya mionzi, nayo mmoja wa watoto wa urani, hutoka ndani ya jiwe na kupenya pembeni mwa kifuniko. Hupungua kwa nusu kila siku 3.8, kwa hiyo kabati lililofungwa kabisa hufikia kilele chake kwa wiki nne hivi. Usiweke kabati hilo chumba cha kulala. Ukilifungua, fungua na dirisha, toka nje ya chumba robo saa, ndipo urudi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha rejea cha bekereli 100 (yaani mivunjiko 100 ya atomi kila sekunde) kwa mita ya ujazo ya hewa ya nyumbani. Mwenye mawe mengi ya urani anunue kipimo cha radoni. Mwenye kijiwe kimoja katika sebule yenye hewa hana haja hiyo.

Dosari ya tatu ndiyo inayoharibu mawe mengi: sindano huvunjika. Ugumu wa madini ni 4 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na sindano nyembamba namna hiyo haivumilii kuguswa na kifuniko, pamba wala karatasi laini. Kila kilichovunjika ni vumbi la urani, na likivutwa au kumezwa ndipo madhara yake yanapoanza, kwa alfa zake na kwa sumu ya urani kwenye figo. Kuna jaribio rahisi. Kisanduku kikiwa kipya, toa jiwe, acha kisanduku kitupu mbali nalo kwa saa 4, kisha kipime ndani. Mabaki ya muda mfupi ya radoni, yaani risasi-214 na bismuthi-214, yatakuwa karibu yameisha, maana hupungua kwa nusu kila dakika 27 na 20. Kama kisanduku bado kinalia, ni vumbi, na jiwe linamomonyoka.

Sababu ya kumomonyoka kwa kawaida ni ubandikaji mbaya. Gundi ya moto hulegea kwenye joto la safarini, jiwe linacheza ndani, sindano zinasuguana na kifuniko. Gundi laini isiyokauka inashika vizuri ikiwa kitako cha mwamba ni kikavu na kimekaa juu ya vituo vitatu, huku sindano zikiwa na angalau milimita 5 hadi kwenye kifuniko. Baadhi ya wauzaji hupuliza vanishi ili kuzuia vumbi. Chini ya lenzi utaiona: ncha zinang'aa kama zimelowa na zimeshikana makundi makundi. Jiwe la namna hiyo limeshaharibika kama kielelezo, likatae.

Usilioshe, usilipige brashi, usilipulizie hewa. Glavu za nitrili, sinia lililotandikwa karatasi yenye unyevu, jiwe lishikwe kwa mwamba wake na si kwa kibano kwenye kijani, mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Zikianguka chembe, zifute kwa karatasi mbichi uifunge katika mfuko. Ufagio na mashine ya kufyonza vumbi vinazirusha hewani. Nyumba yenye watoto, kabati liwe na kufuli.

Kwa uimara wa kemia, hata hivyo, linashinda toberniti waziwazi. Toberniti hupoteza maji taratibu ikakauka kuwa metatoberniti na haijirudii tena. Kuprosklodowskiti iliyotunzwa mbali na joto hubaki na rangi na umbo lake.

Kabla ya kulipa, maliza habari ya usafirishaji. Kifurushi cha aina hii husafiri kama shehena ndogo ya mionzi, namba UN2910, na juu ya uso wake kipimo hakipaswi kuzidi mikrosivati 5 kwa saa. Si mzigo wa kutia kwenye begi la abiria. Aliye Tanzania aombe kibali cha kuingiza kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki, na aliye Kenya aende kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kabla jiwe halijaondoka kwa muuzaji. Muuzaji anayejitolea kuandika "mapambo" kwenye fomu ya forodha ili mambo yaende haraka, usinunue kwake chochote, hata malakiti.